Uzi wa kumbukumbu: Ubingwa wa Golden State Warriors wa 2022 jinsi sisi wa Goma tulivyoushuhudia

Mwalimu wa Katindo

Ndugu mashabiki, salamu kwenu nyote mlioko Goma, Bukavu, Lubumbashi na kokote ambako maisha yamewapeleka.

Kila mara mazungumzo ya mpira wa kikapu yanapoanza hapa kwetu, ubingwa wa Golden State Warriors wa mwaka 2022 hutajwa kwa sentensi mbili tu: kwamba Stephen Curry alicheza vizuri sana, na kwamba Jonathan Kuminga ni mtoto wa Goma. Zote mbili ni kweli, lakini sisi tuliokesha tukiufuatilia tunajua kwamba zimeacha mengi, na vijana wanaoanza kucheza sasa walikuwa wadogo mno kuyaona wenyewe. Ningependa tuyaandike hapa kwa usahihi, tukiweka tarehe na matokeo panapohitajika, kabla hayajachanganyika na masimulizi ya kwenye nganda, yaani kwenye baa.

Nianze na yaliyo wazi. Kuminga alizaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, mwaka uleule ambao mlima wa volkeno wa Nyiragongo ulikuwa umeteketeza katikati ya mji mwezi Januari. Aliondoka akiwa bado mdogo kwenda Marekani kusoma na kucheza, na tarehe 29 Julai 2021 Warriors wakamchagua wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya uliofanyika Brooklyn. Mnakumbuka hali yetu wakati huo. Tarehe 22 Mei mlima ulikuwa umelipuka tena, lava ikafika Buhene, siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, na kufikia Julai wengi walikuwa bado wanatafuta mabati ya kuezekea. Katika hali hiyo jina la mji wetu likaanza kuandikwa katika magazeti ya nje kwa jambo ambalo si moto wala vita. Nilipita asubuhi mbele ya kibanda cha kuchajia simu nikakuta watu wazima, wengine wasiojua hata timu moja huingiza wachezaji wangapi uwanjani, wamesimama wakipokezana simu ili waione picha ya kijana aliyevaa kofia ya timu yake mpya.

Msimu ule Warriors walishinda michezo 53 na kupoteza 29. Katika mtoano, ambako wa kwanza kushinda michezo minne ndiye anayesonga mbele, waliwatoa Denver Nuggets kwa 4–1, Memphis Grizzlies kwa 4–2 na Dallas Mavericks kwa 4–1, kisha wakakutana na Boston Celtics katika fainali. Mchezo wa sita, ambao ndio ulioamua, ulichezwa Boston Alhamisi tarehe 16 Juni kwa saa za Marekani. Kwetu ulianza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 17, ukamalizika kukiwa kunapambazuka, na matokeo yalikuwa 103 kwa 90.

Naomba kila mmoja aandike mchezo anaoukumbuka zaidi na sababu yake. Mimi nashikilia kwamba ubingwa ulipatikana katika mchezo wa nne, lakini nitangoja kwanza niwasikilize.

Kijana wa Majengo

Asante, mwalimu. Mimi naukumbuka mchezo wa sita, na hasa robo ya kwanza. Tulikuwa tumelala kwa rafiki yetu mmoja tangu jioni, kwa sababu pikipiki hazikuruhusiwa kutembea usiku na hakuna mzazi ambaye angekubali mtoto wake atembee kwa miguu saa nane. Mchezo ulipoanza Celtics walitangulia 14 kwa 2, na chumba kizima kikanyamaza. Mwenye nyumba, ambaye hakuwa shabiki wa timu yoyote, alituambia tuzime televisheni tukalale.

Hatukuzima. Mwishoni mwa robo hiyo na mwanzoni mwa ile ya pili Warriors walifunga pointi 21 mfululizo bila Boston kupata hata moja. Jordan Poole alitupa za pointi tatu, Draymond Green, ambaye watu walikuwa wamemsema vibaya mfululizo mzima, naye akafunga ya kwake, na kila mpira uliopotezwa na Boston uligeuka kuwa kikapu upande wa pili. Tangu hapo sikuwa na wasiwasi tena, hata pale Boston waliposogea hadi tofauti ya pointi nane katika robo ya nne.

Ninachojivunia zaidi ni kwamba siku ile Kuminga alikuwa Mkongomani wa kwanza kuwa bingwa wa NBA, ile ligi ya Marekani.

Mpenzi wa Basket, Lubumbashi

Ndugu yangu wa Majengo, furaha yako ni yetu pia, ila hapo naomba tusahihishe, kwa kuwa mwalimu ametuomba usahihi. Didier Ilunga-Mbenga, ambaye watu humwita D.J. Mbenga, alizaliwa Kinshasa, akapata uraia wa Ubelgiji, na alikuwa mchezaji wa Los Angeles Lakers waliposhinda mwaka 2009 na 2010. Naye Serge Ibaka, aliyezaliwa Brazzaville na mama mwenye asili ya Kongo yetu, alikuwa bingwa na Toronto Raptors mwaka 2019, tena walipowashinda Warriors hawahawa. Kwa hiyo Kuminga hakuwa wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 19 na miezi minane, na hilo pekee linatosha kuwa sifa, kwa sababu mabingwa wenye umri mdogo kuliko huo ni nadra mno katika historia ya ligi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Lubumbashi hulisimulia. Bismack Biyombo, aliyezaliwa katika mji wetu, alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Curry mwenyewe alichaguliwa wa saba mwaka 2009. Kuminga alipochaguliwa wa saba, mzee mmoja wa hapa kwetu aliyefundisha basket kwa miaka mingi alisema kwamba namba hiyo imeshajua njia ya kuja Kongo.

Na tusisahau aliyetufungulia mlango. Dikembe Mutombo alicheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa ligi mara nne, akafika fainali mwaka 2001 na 2003, na hakuwahi kupata ubingwa. Sisi tuliompenda tulikuwa na deni moyoni. Alikuwa hai bado alipoona kijana wa Goma akivuka pale ambapo yeye alizuiliwa.

Mama wa Himbi

Wanangu, mimi si mtaalamu wa mchezo huu. Nimeujua kwa ajili ya watoto wangu wawili wa kiume, ambao walikuwa wamechora sufuri mbili kwa wino kwenye migongo ya fulana zao, kwa sababu Kuminga alivaa namba 00. Lakini naomba niandike kuhusu mchezo wa tano, kwa kuwa naona vijana wanausahau, na mimi siwezi kuusahau.

Jumatatu tarehe 13 Juni tulipata habari kwamba Bunagana, mji wa mpakani, imechukuliwa na waasi wa M23. Nyumbani kwangu kulikuwa na wageni tayari, shemeji yangu na watoto wake waliotoka Rutshuru na mizigo yao ikiwa bado imefungwa kwenye vitenge. Usiku ule hakuna aliyekuwa na usingizi. Watu wazima tulikaa sebuleni tukisikiliza redio na kupiga simu kwa ndugu ambao hawakupatikana. Ilipofika karibu saa tisa mwanangu mkubwa alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuwasha televisheni bila sauti. Nilikuwa tayari kumkatalia, kwa kuwa niliona ni aibu kutazama mchezo mbele ya watu waliokimbia makwao. Shemeji yangu ndiye aliyemwambia awashe, tena aweke na sauti, kwa sababu watoto wake walikuwa wamesikia risasi siku nyingi na yeye alitaka wasikie kitu kingine.

Basi tukatazama sote. Nakumbuka watoto wa Rutshuru hawakujua sheria, na wanangu wakawa wanawaeleza kila kitu: kwa nini huyu amesimamishwa, kwa nini yule anapewa mitupo huru, kwa nini kikapu kingine ni pointi mbili na kingine tatu. Yule Curry wao alitupa mipira mingi ya mbali na hakuna hata mmoja ulioingia. Wanangu walikuwa wanashika vichwa. Lakini yule mwingine, Wiggins, alikuwa anaruka kila mahali, na timu ikashinda. Mtoto wa shemeji yangu, msichana wa miaka kama tisa hivi, akaniuliza yule wa Goma ni yupi. Nilimwonyesha kwenye benchi. Alitazama benchi kuliko mchezo mpaka mwisho.

Mimi nasema ubingwa ulikuwa wetu pia, na siulizi ruhusa kwa mtu.

Refa Mstaafu wa Ndosho

Mama, heshima yako. Nimesoma maandiko yako mara mbili kabla ya kuandika haya.

Kumbukumbu yako ya mchezo wa tano ni sahihi hata katika mambo ya kiufundi. Curry alijaribu mitupo tisa ya pointi tatu na kukosa yote, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mtoano kumaliza mchezo bila kuingiza hata mmoja. Andrew Wiggins alifunga pointi 26 na kukusanya ribaundi 13 (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu), na Warriors wakashinda 104 kwa 94. Timu ambayo nyota wake ana usiku wa namna hiyo katika fainali na bado inashinda kwa pointi kumi ni timu iliyokamilika, na hapo ndipo nilipoamini kwamba watachukua.

Hata hivyo nakubaliana na mwalimu kuhusu mchezo wa nne, na nitaeleza kwa mtazamo wa mtu aliyepuliza filimbi muda mrefu. Hali ilikuwa hivi. Boston walikuwa wameshinda mchezo wa kwanza 120 kwa 108, wakiwa wametoka nyuma kwa pointi 12 mwanzoni mwa robo ya nne, kisha wakafunga pointi 40 dhidi ya 16 katika robo hiyo moja. Warriors walijibu 107 kwa 88. Boston wakashinda wa tatu 116 kwa 100, na mwishoni mwa mchezo huo Al Horford alimwangukia Curry mguuni wakigombania mpira. Siku mbili nzima swali lilikuwa kama Curry ataweza kukimbia. Boston waliongoza 2–1, mchezo wa nne ulikuwa kwao, na kama wangeshinda wangehitaji mmoja tu.

Curry alifunga pointi 43 na kukusanya ribaundi 10. Watu huzitaja 43 hizo, lakini mimi nawaomba vijana watazame alivyozipata. Celtics walikuwa na ulinzi bora kabisa msimu ule, na Marcus Smart ndiye aliyekuwa mlinzi bora wa ligi. Mchezaji mrefu wa Boston alipokuwa akirudi nyuma kulinda kikapu, Curry alipata nusu hatua ya nafasi, na nusu hatua hiyo ilimtosha. Hakungoja nafasi nzuri. Alitupa kabla mlinzi hajamaliza kuamua. Zikiwa zimebaki dakika tano na kitu, Boston waliongoza 94 kwa 90, na tangu hapo Warriors wakafunga 17 dhidi ya 3. Matokeo 107 kwa 97. Kocha Steve Kerr alithubutu hata kumweka Draymond Green benchi kwa muda katika robo ya nne, jambo ambalo makocha wengi wasingelifanya kwa mchezaji mwenye mataji matatu, na Kevon Looney akakusanya ribaundi ambazo zilirudisha mpira mikononi mwa wenzake tena na tena. Wiggins alikuwa na ribaundi 16 usiku huo.

Kuna vijana wanaosema siku hizi kila mtu anatupa za mbali kwa ajili ya Curry, na kwamba mchezo umeharibika. Mimi naona wanaiga mtupo bila kuiga mbio. Tazameni jinsi anavyokimbia asipokuwa na mpira.

Shabiki wa Celtics, Bukavu

Ndugu wa Goma, naandika kwa heshima, kwa kuwa mimi ni wa upande ulioshindwa na nimekuwa shabiki wa Boston tangu ubingwa wao wa 2008.

Sina ubishi kuhusu Curry. Alistahili kuitwa mchezaji bora wa fainali, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa tuzo hiyo ingawa alikuwa na mataji matatu kabla yake. Usiku wa mwisho alifunga pointi 34. Katika robo ya tatu, baada ya kutupa ya mbali na kuwa 72 kwa 50, alinyoosha mkono akionyesha kidole cha pete, yaani pete ya ubingwa, na mimi niliondoka kwenye kiti nikatoka nje, kwa kuwa nilijua anasema kweli. Jaylen Brown alifunga 34 upande wetu na hazikutosha.

Swali langu ni moja, na naliuliza bila chuki. Ninyi mnasema ubingwa ulikuwa wa Goma. Je, kijana wenu alicheza? Katika fainali alipata dakika chache mno. Mimi nadhani tunapaswa kutofautisha kati ya kuwa bingwa na kuwa katika timu ya mabingwa, na kuwaambia watoto wetu ukweli huo.

Dada wa Mabanga

Ndugu wa Bukavu, swali lako ni la haki, na nitakujibu kwa mchezo ambao wengi hawakuutazama.

Mimi nilicheza basket shuleni, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa ambamo vumbi jeusi la mawe ya volkeno liliingia kila mvua iliponyesha, hivi kwamba tulifagia kabla ya kila zoezi. Kwa hiyo nilimfuatilia Kuminga tangu mwanzo wa msimu kwa jicho la mchezaji. Alicheza michezo 70 msimu ule na kupata wastani wa pointi 9.3. Tarehe 14 Januari 2022 alifunga 25 Chicago, Warriors wakashinda 138 kwa 96. Katika msimu ambao Klay Thompson alirudi tarehe 9 Januari baada ya siku 941 za majeraha, na ambao Green na Curry nao walikosa michezo mingi, zile dakika za vijana ndizo zilizoifikisha timu kwenye ushindi 53.

Kisha ukaja mfululizo na Memphis. Gary Payton wa pili alivunjika kiwiko katika mchezo wa pili, na katika mchezo wa tatu, tarehe 7 Mei, kocha Kerr akamweka Kuminga miongoni mwa watano wa kwanza. Hakuwa ametimiza miaka 20. Alifunga pointi 18 na timu yake ikashinda 142 kwa 112. Nilikuwa na wasichana wanne niliokuwa nawafundisha wakati huo, tukitazama kwenye simu moja tuliyoiegemeza kwenye sufuria, na mega zangu za intaneti ziliisha robo ya tatu. Mmoja wao alikimbia kwa kaka yake kuomba nyingine. Tuliporudi tulikuta tumekosa dakika kadhaa, lakini tukamkuta Kuminga bado uwanjani, na kwetu hilo lilikuwa zaidi ya kikapu chochote.

Mchezaji anayeanza mchezo wa mtoano, akafunga 18, timu ikashinda mfululizo kwa 4–2, huyo ana sehemu yake katika ubingwa. Bila kuwatoa Memphis hakuna fainali ya kuzungumzia.

Shabiki wa Celtics, Bukavu

Dada, jibu lako limenitosheleza kuhusu msimu na kuhusu Memphis. Kuhusu fainali bado nashikilia nilichosema, ila sitabishana na dada aliyefagia uwanja ili acheze.

Muuzaji wa Petite Barrière

Naomba niseme jambo kuhusu Ijumaa yenyewe, kwa kuwa nimesoma mtu mahali pengine akisema Goma ililala bila kushangilia.

Mimi nilikuwa macho tangu saa tisa. Mchezo ulipokwisha nilitembea kwa miguu kuelekea kazini pamoja na wenzangu, kukiwa kumepambazuka, na njia nzima kutoka Birere tuliwasikia vijana wakiimba na kupiga masufuria. Waliokuwa wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zenye makala waliuliza kuna nini, wakaambiwa mtoto wa Goma ni bingwa wa Marekani, na baadhi yao wakaungana na wimbo bila kusimamisha chukudu. Furaha hiyo niliiona kwa macho yangu.

Haikudumu mpaka mchana. Asubuhi ileile risasi zilisikika mpakani, askari mmoja wa Kongo akauawa upande wa Rwanda, na mpaka ukafungwa siku hiyo. Watu walikuwa na hasira tayari, kwa kuwa siku mbili kabla kulikuwa na maandamano. Wenye biashara tulifunga mifuko yetu tukarudi nyumbani, na vijana walewale waliokuwa wakiimba sasa walikuwa wamekusanyika kwa jambo lingine. Ndiyo maana hakukuwa na msafara wala sherehe kwenye mzunguko wa Chukudu kama tulivyokuwa tumepanga. Anayesema tulilala hakuwapo.

Mwalimu wa Katindo

Asante, ndugu muuzaji. Hilo nilikuwa nikilitafuta, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya nyumba asubuhi ile na sikuyaona masufuria.

Niliahidi kusema kuhusu mchezo wa nne, lakini Papa Refa amenitangulia na amesema vizuri kuliko ningelivyoweza. Nitaongeza moja tu. Timu hiyohiyo, katika msimu wa 2019–20, ilishinda michezo 15 na kupoteza 50, ikawa ya mwisho katika ligi nzima. Kevin Durant alikuwa ameondoka, Thompson alikuwa na goti lililokatika, Curry alivunjika mkono mwanzoni mwa msimu. Wengi wetu tuliacha kuwatazama. Wanafunzi wangu walibadilisha fulana. Nikimtazama Curry akilia uwanjani Boston kabla hata kipenga cha mwisho hakijalia, namwona mtu aliyekumbuka 15 na 50, na ndiyo sababu mchezo wa nne una uzito kwangu: pale ndipo wangeweza kurudi walikotoka, wakakataa.

Papa Refa, kuna swali ambalo vijana wameniuliza na nakuachia wewe. Kwa nini kocha hakumtumia Kuminga katika fainali, baada ya yale ya Memphis?

Refa Mstaafu wa Ndosho

Mwalimu, nitajibu ninavyoelewa mchezo. Payton alirudi katika mchezo wa pili wa fainali, na nafasi ile ya mlinzi mwenye nguvu ikawa na mwenyewe. Boston walishambulia kwa kutafuta mchezaji mmoja dhaifu katika ulinzi na kumlazimisha kubadilishana watu, mara kumi, mara ishirini, hadi akosee. Kijana wa miaka 19 mwenye mwili wa kutosha na kasi ya kutosha bado hukosea kwa kusimama hatua moja mahali pasipo pake, na katika fainali hatua hiyo ni pointi tatu. Kerr alichagua watu wenye umri na mazoea. Sioni dharau yoyote hapo. Moses Moody, mwenzake wa mwaka uleule, alipitia jambo hilohilo.

Lakini nataka vijana wajue na hili, kwa kuwa halisemwi. Mwezi Februari 2020, katika ule msimu wa 15 na 50, Warriors walimtoa D'Angelo Russell kwenda Minnesota. Walichopata ni Andrew Wiggins pamoja na haki ya kuchagua mchezaji kwa zamu ya Minnesota mwaka 2021. Zamu hiyo ndiyo iliyokuwa ya saba, na ndiyo waliyomchukulia Kuminga. Yaani yule aliyekusanya ribaundi 16 katika mchezo wa nne na kufunga 26 katika wa tano, na yule mtoto wetu aliyekuwa benchi, walikuja kwa mkataba mmoja. Timu ilijijenga upya katika mwaka ambao ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima, na Goma ilikuwa ndani ya ujenzi huo bila sisi kujua.

Pete yake alivishwa tarehe 18 Oktoba 2022 San Francisco, siku ya kwanza ya msimu mpya, siku kumi na mbili baada ya kutimiza miaka 20.

Kijana wa Majengo

Papa Refa, habari ya mkataba huo sikuwahi kuisikia. Nimeiandika kwenye daftari la timu yetu.

Tunawafundisha watoto wa mtaa kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na tungependa kuwaonyesha michezo miwili mizima, si vipande vya kwenye simu: wa tatu dhidi ya Memphis na wa nne dhidi ya Boston. Ninao wa Memphis. Aliye na wa nne kamili, pamoja na zile dakika tano za mwisho zisizokatwa, aniandikie hapa.

Mama wa Himbi

Mwanangu mkubwa anao kwenye diski, mchezo mzima. Njoo Ijumaa jioni uchukue, na usichelewe, uje kabla giza halijaingia. Yule msichana wa shemeji yangu amerudi kuishi kwangu na anacheza sasa, kwa hiyo mumwandikie jina lake katika orodha ya Jumamosi.

Dada wa Mabanga

Mama, mlete kwangu. Wasichana tunaanza saa mbili, kabla ya wavulana, na mipira mitatu ipo.